Chupa ya Pili ya Khadidja

Adhana ya alfajiri imekwisha. Khadidja anaviringisha kichupa cha insulini kati ya viganja vyake, polepole, bila kukitikisa. Mbele yake paka mkubwa wa rangi ya majivu ameinamia sahani ya ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Anapomaliza kula, Khadidja anambana ngozi ya ubavuni na kumchoma sindano. Paka hashtuki hata kidogo.

"Kapiteni amezoea," anasema. "Mi ndiyo sijazoea."

Khadidja huuza ndagala wakavu hapa Buyenzi, Bujumbura. Marehemu mumewe, Massoudi, ndiye aliyemleta paka huyu ili panya wasitoboe magunia. Massoudi alikuwa na kisukari, na mkewe ndiye aliyekuwa akimchoma sindano. Alipofariki mwaka jana, aliacha kwenye friji chupa kadhaa za insulini ambazo hazijafunguliwa.

Haikupita miezi mingi, Kapiteni akaanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa ovyo ndani ya nyumba. Daktari wa mifugo, Térence, alipima mkojo akakuta sukari. Walianza na insulini ya Massoudi, yuniti mbili asubuhi na mbili jioni. Sukari haikushuka. Wakapanda nne, sita, kumi. Sasa ni kumi na nne kila mara, karibu sawa na dozi ya mtu mzima. Na paka, badala ya kukonda, alinenepa. Kichwa kikapanuka, taya likatokeza mbele.

"Nashuku akromegali," anasema Térence. "Ni kivimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Kinatoa homoni ya ukuaji, na homoni hiyo inaipinga insulini. Kuhakikisha kunataka kipimo cha damu ambacho hapa hatuna."

Alimwonya Khadidja asipandishe dozi kwa pupa: homoni ikipungua ghafla, sindano ile ile inaweza kumuua paka. Ndiyo maana hamchomi kabla hajala.

Majirani walimshangaa. Vita mwaka wa kumi, watu wanakosa dawa, yeye anatibu paka!

Mwishoni mwa Juni alibisha hodi mwalimu kutoka Musaga, kusini mwa jiji, jina lake Elvire. Alikuwa na kisukari tangu usichana, na kila duka la dawa aliloingia halikuwa na insulini. Muuza dawa mmoja, aliyemjua Massoudi, ndiye aliyemwelekeza.

Khadidja alikuwa amebakiwa na chupa mbili. Akazitoa zote.

"Beba, mwalimu. Huyu ni paka tu."

Elvire alimtazama Kapiteni aliyelala juu ya gunia. Akachukua chupa moja.

"Apana, mama. Na yeye anaumwa kama mimi. Hii ikiisha, nitarudi."

"Nikamuacha aende," anasema Khadidja, macho yakiwa kwenye kanga anayoikunja na kuikunjua.

Hazikupita siku nyingi, mapigano ya waasi na jeshi, mwezi Julai, yakaingia mitaa ya kusini. Elvire na mama yake walikimbia Musaga kwa miguu, na katika msukumano chupa ikavunjika. Njia zilikuwa zimefungwa. Walipofika hospitali ya Kamenge, kaskazini mwa jiji, Elvire alikuwa hajitambui tena. Hakuamka.

Habari hiyo aliletewa Khadidja na yule muuza dawa.

"Alikataa mwenyewe," Térence humwambia kila akija.

"Mutu akikataa unamulazimisha," Khadidja hujibu. "Ningeiweka ile ya pili ndani ya mukoba wake."

Chupa iliyobaki imekaribia kwisha. Khadidja amekwisha kuamua: wifi yake wa Kigoma akituma nyingine, itakwenda kwa muuza dawa, kwa ajili ya watu. Térence ameahidi kumlaza Kapiteni usingizi wa milele kwa sindano ya mwisho, asiteseke.

Baada ya hapo Khadidja anataka kwenda Musaga, barabara ikitulia, kumpa pole mama yake Elvire. Hawajawahi kuonana.

"Nitamuambia mi ni nani," anasema. "Akitaka kunifukuza, anifukuze. Akiniacha niingie, nitaketi naye."