Mchanga Katika Ufuta

Majuzi rafiki niliyesoma naye chuoni alinialika chakula cha mchana jijini Dar es Salaam, katika mgahawa mdogo wa Walebanoni: viti vya plastiki, feni inayolalamika juu ya vichwa vya watu, na vibakuli vingi vinavyowekwa katikati ya meza bila mtu kuulizwa kipi ni cha nani. Nilimega mkate, nikauchovya katika rojo zito la dengu zilizopondwa, nikautia kinywani. Ulimi ulitambua kabla yangu. Ulikuwa ufuta. Ndipo nilipomgeukia bwana wa meza ya pili, nisiyemjua kabisa, nikamsogezea kibakuli na kumwambia, "Karibu!" Yule bwana alikitazama kibakuli, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Samahani, tunafahamiana?" Rafiki yangu alicheka hadi akapaliwa.

Ndugu msomaji, mkono wangu haukukosea; ulikuwa Chiungutwa, kijijini kwetu, kwenye baraza ya bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala, aliyeteremka kuja kuolewa huku Masasi. Jirani yetu, mjane wa rika lake, alikuwa Mmakua. Makabila hayo kwetu ni watani, na wazee hao wawili waliutimiza utani wao kama wengine watimizavyo ibada. Jioni bibi alitandika mkeka barazani, mahali ambapo kila apitaye njiani aliiona sahani yetu, kwa maana alishikilia kwamba anayekula ndani anaficha ama njaa ama uchoyo. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mbaazi zilizopondwa na kuungwa kwa ufuta wa kukaanga. Mlio wa kinu ulipokoma, jirani alitokeza njiani akiwa na tusi tayari.

"Wamakonde, leo mmempika nani?"

"Tumekungoja wewe, ila huna nyama!"

Alinawa, akala, akaendelea kututukana huku akilamba vidole. Panya wa shambani, ambao kwetu huitwa samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, hawakukosekana katika matusi hayo, ingawa nyumba zote mbili ziliwala kwa furaha.

Kisha ukaja msimu ule wa ufuta. Bibi alikuwa amekata, akafunga miganda, akaisimamisha ikauke. Mbuzi wa jirani wakakata kamba, wakaiangusha miganda yote, na punje zikapukutikia ardhini. Aliyelima ufuta anajua: ukishamwagika mchangani, umekwenda. Bibi alipolalamika, jirani alijibu kwamba miganda ilifungwa ovyo. Hakulisema neno hilo kwa utani, na bibi alijua kwamba si utani.

Tangu siku hiyo jirani alipita mbele yetu na kutusalimu vizuri. "Hamjambo hapo? Za jioni?" Mimi, mtoto, nilifurahi kwamba sasa ana heshima. Bibi aliweka tonge chini. "Anayenitukana ni wangu," aliniambia. "Huyu anayenisalimu hivi ameshaniacha." Na hofu yake haikuwa ndogo. Kwetu mtani ndiye anayesimama msibani na kuwachekesha wafiwa, ili kilio kisiwavunje. "Nikifa," alisema, "nani atanisema vibaya?"

Siku kadhaa alikaa uani na ungo, akipepeta mchanga kutafuta punje. Alizopata alizikaanga, akazitwanga, akaungia mbaazi. Jioni jirani alipopita na salamu zake nzuri, bibi aliita, "Karibu, mtani."

"Ahsante, nimeshiba."

"Mmakua ameshiba? Tangu lini?"

Jirani alisimama njiani. Sisi watoto tuliacha kutafuna. Hatimaye alikuja, akanawa polepole, akamega tonge, akachovya. Tukasikia meno yake yakisaga: kwaru, kwaru.

"Samaki nchanga nawajua," akasema. "Mbaazi nchanga ndiyo kwanza leo naziona!"

"Waulize mbuzi wako. Wao ndio waliopika!"

Walicheka hadi wakashikana mabega, na kilio kidogo kikachanganyika humo. "Miganda uliifunga vizuri," jirani alisema baadaye, akitazama sahani, na hilo halikuwa utani pia.

Bibi alipofariki, nikiwa sekondari, mtani wake alitimiza wajibu wake. Alivaa kanga ya marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea, akamshtaki mbele ya waombolezaji kwamba amekufa ili akwepe palizi. Tulicheka tukilia.

Baada ya mlo ule wa Walebanoni sikutulia. Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Baraza sasa imezungushiwa ukuta wenye geti, nasi tunakula sebuleni, kila mtu na sahani yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tulitaka nyumba nzuri tu. Lakini najiuliza maendeleo yanatufaa nini ikiwa apitaye njiani hawezi tena kujua kwamba tunakula.

Nilitwanga mbaazi na ufuta kwa mkono wangu, nikapeleka bakuli kwa jirani yule yule. Amesinyaa kwa uzee, mgongo umepinda. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaonja na kutafuna kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta kitu.

"Hazina mchanga," akasema. "Wamakonde siku hizi mmekuwa wavivu hata wa kuokota?"

Kisha akainua uso, akaningoja. Nilijua anangoja nini. Nililitafuta neno moja tu la kumtukana, katika Kiswahili chote nilichosomea, nisilione.

"Karibu, bibi," nikasema. "Kula ushibe."

Mwanga wa macho yake ulishuka taratibu hadi kwenye bakuli.

"Ahsante, mwanangu," akanijibu, kwa adabu.