Myombo Huvuliwa Upande Mmoja

Hadi leo naisikia ile sauti ya gome likiachia: chwaaa, kama kanga mbichi inayochanwa taratibu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, msitu wa Mgori, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nilikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, mwenye ndoto nyingi. Nilishajiona nauza vilindo Dodoma. Kilindo, kwa nyie msiokijua, ni chombo cha mviringo cha kuwekea unga au asali, kinachoshonwa kwa gome la mti wa myombo.

Fundi Mkuu wa kikundi chetu cha kushona vilindo, mama mpole kwa watu na mkali kwa panga, aliitikia shikamoo yangu macho yakiwa kwenye mti. Alikata mistari miwili ya kusimama, iliyoachana upana wa viganja viwili, akapenyeza kabari na kubandua kipande. Chini yake shina liling'aa kwa ute. Nikanyoosha kidole.

"Acha," akasema. "Tumeshamvua shati, mwachie ngozi."

Ndiyo ilikuwa shule yangu. Gome hutolewa mvua zinapoanza, mti ukiwa umejaa maji. Wakati wa kiangazi hung'ang'ania, na ukililazimisha linaondoka na nyama. Tena unatoa upande mmoja tu. Ukibandua kuzunguka shina zima, chakula cha majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa umesimama.

Nilianza kubandua, nikahamia kushona, na Fundi Mkuu macho yalipochoka nikawa Msimamizi wa Msitu. Hakuna mti ulioguswa kabla sijauonyesha mimi.

Halafu mfanyabiashara mmoja wa mjini akaagiza vilindo vikubwa, kila kimoja cha gome moja lisilounganishwa. Upana ule haupatikani bila kubandua kuzunguka shina zima. Nikashauri tuunge vipande viwili, akakataa. Mwenyekiti wa kikundi akaniambia nionyeshe miti ya kuanzia. Nikasema sionyeshi.

"Jamani, msimamizi wetu kaolewa na myombo," akawaambia wenzangu. "Nani kapokea mahari?"

Wakacheka. Neema, rafiki yangu niliyekaa naye mkeka mmoja tukishona na kula chakula kimoja, alicheka pia. Hilo ndilo lililoniuma.

Oda ikaenda kwingine na kikundi kikalegea. Mmoja akafungua genge, mwingine akamfuata mumewe kwenye machimbo ya dhahabu Sekenke. Neema alikuja kuniaga, begi mkononi.

"Ungekubali mti mmoja tu, dada, tungekuwa wote hapa."

"Mngeishia mmoja?"

Alinikumbatia, akaenda Singida mjini.

Nikaendelea peke yangu. Nilikuwa naisalimia miti kwa sauti ili nijichekeshe, kisha nanyamaza maana hakuna wa kuitikia. Mwishowe bega ndilo lililostaafu, nami nikalifuata. Nyie wadogo zangu mkiniuliza kama ningefanya vingine, nasema hapana, ila sisemi haraka.

Siku ya mwisho nilikaa chini ya mmojawapo wa miti niliyomnyima Mwenyekiti. Ulikuwa umetoa majani mapya, mekundu bado. Nikafungua kitambaa cha chakula. Kwa mazoea nilikuwa nimechemsha viazi vitamu vya watu wawili. Nikala vyangu. Nikasubiri kidogo, kisha nikamenya na vya Neema, nikavimaliza.