Nesi wa Kijiko

Nesi wa wodi ya watoto huchomeka kijiko mfukoni kifuani, pale wenzake wanapoweka kalamu. Hakuna jagi la maji ya chumvi na sukari linalompita hivi hivi: hudondosha tone mgongoni mwa mkono, huramba, hufumba jicho moja. Sauti yake ni ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Maji ni mwenyeji," hutufokea sisi wazazi, "unga ni mgeni! Wakielewana humwoni mgeni tena, lakini yumo. Huo ndio mmumunyo!"

Jana bibi wa kitanda jirani alikoroga pakiti nzima ya unga huo kwenye kikombe kimoja. Nesi akaonja, akatema. Tukasubiri radi.

"Nilitaka dawa iwe kali, mwanangu," bibi akasema. "Mjukuu kaharisha mpaka akilia hatoi machozi."

Kwa mara ya kwanza nikamsikia nesi akinong'ona. "Bibi, wageni wakizidi humfilisi mwenyeji. Chumvi hii ingemnyonya hata maji yaliyombakia." Akamwaga, akapima lita nzima, akafungua pakiti nyingine, kisha akampa bibi kijiko chake akoroge mpaka chini isibaki chembe.

Wakamnywesha mtoto kidogo kidogo. Jioni akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Nesi akampangusa shavu lililolowa na, kwa mazoea, akaramba kidole. Akafumba jicho moja.

"Haya," akapaza sauti yake ya ng'ambo ya mto, "mmumunyo huu sasa umekolea sawasawa!"