Pikipiki ya Kwenda Kasai

Mama yangu alikuwa analoweka mihogo mtoni, na kazi yangu ilikuwa kufukuza bata wa jirani wasiingie ndani ya maji yale. Ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka katika maisha yangu: bata, na harufu ya mihogo iliyolala majini siku nne. Juu ya mto kulikuwa na njia nyembamba, na kila juma alipita muuza samaki mmoja kutoka upande wa Bukama. Alikuwa na baiskeli, lakini ukiitazama vizuri haikuwa tena baiskeli. Aliongeza mbao nyuma, akaongeza fito ubavuni, akafunga vipande vya mpira kwenye pedali, mpaka ikawa kama mnyama wake mwenyewe, anayenuka moshi. Mama aliniita mara tatu, mi bado nasimama tu. Bata wakaingia. Nilipigwa siku ile, na nilistahili.

Sikusoma sana, niliacha shule mwaka wa tatu, kwa hiyo sijui ugonjwa huu unaitwaje, ugonjwa wa kutoweza kuacha kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kampuni ya machimbo ya shaba iliupenda. Ilinipa kazi ya kuchomelea vyuma, nikachomelea miaka mingi pale Kolwezi, mpaka kampuni yenyewe ikaanza kuchanika kama shati la zamani. Mashine moja ilinyamaza, kisha nyingine. Unga wa wafanyakazi ulichelewa, halafu tukaacha kuuulizia. Tukabaki nyumbani na mikono yetu.

Ndipo wakaanza kufukuza watu wa Kasai, jimbo la jirani, ambao babu zao walikuja kwetu kutafuta kazi. Kwenye redio wakubwa walisema warudi kwao. Sasa jirani yangu, karani wa depo, angerudi wapi? Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kule kwao alikuwa amefika mara moja tu, kumzika babu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya Mungu, kanisani. Mimi nilimwita Nusu Meta, yeye aliniita Tata Kutu, yaani Baba Kutu.

Mke wake na watoto walipanda treni kwenda Mwene-Ditu, kule Kasai, pamoja na shemeji yake wa kike. Mtoto wa mwisho alipanda na homa. Yeye alibaki, kwa sababu siku ile waliruhusu wanawake na watoto kwanza, na pale gare, kwenye stesheni ya treni, watu walikuwa wanalala chini majuma na majuma wakingoja behewa, wengine wakifa kwa kuhara. Akanisukumia pikipiki yake mpaka kwenye uwanja wangu. Ilikuwa pikipiki ya lami, ya chini, yenye kung'aa, ya kwendea kazini na kanisani.

"Tata Kutu," akasema, "unifanyie ipite mu muchanga na mu mito. Mi ntaenda na barabara. Ile mutoto alienda na homa."

"Juma moja," nikamwambia.

Na siku zile za kwanza nilifanya kazi kama mtu. Nilitoa madigadi ya mbele iliyobana gurudumu, nikaipandisha juu. Bomba la moshi nililikata, nikalipitisha ubavuni mpaka chini ya kiti, lisinywe maji ya mto. Chini ya injini nilifunga kipande cha ule mkanda mnene wa mpira uliokuwa ukibeba mawe ya shaba. Jiwe likipiga, linaruka. Matairi yenye meno hayakuwepo, basi nilikaa kitako na kisu cha moto nikachonga meno mwenyewe, jino moja moja, na moshi wa mpira ukanilewesha kidogo.

Nafikiri ulikuwa ule moshi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi lilikuwa angani, jua linatoka jekundu kama kitu kilichosahauliwa motoni, na mimi nachonga meno na kuiona barabara yote. Niliona mchanga mweupe, daraja la miti, wanawake wanaweka chini mabakuli yao kuitazama ikipita. Lakini katika ndoto hiyo jirani yangu hakuwepo. Niliyekaa juu ya kiti nilikuwa mimi.

Ndiyo maana niliipandisha. Niliongeza vyuma kwenye springi za nyuma, nikarefusha za mbele, ikasimama kama mbuni. Jirani akaja kujaribu. Akapanda, miguu ikabaki inaning'inia hewani, akaangukia kwenye mboga za mke wangu.

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba ya batoto, ulimupimia nani iyi kintu? Twiga?"

"Muniletee tofali," jirani akasema, anajipangusa. "Nitasafiri na tofali yangu. Nikifika ku mupaka, nashuka juu ya tofali."

Tulicheka wote watatu. Kisha akauliza, bila kucheka, "Iko tayari lini?"

"Bado kidogo."

Nilipaswa kuishusha tu, kazi ya nusu siku. Badala yake nikafungua yote. Nikatafuta pinyo ndogo ya mbele, ile gia ya mnyororo, ili ipate nguvu mlimani. Nikatengeneza mahali pa kukaa bidoni mbili za petroli. Nikaondoa usukani, nikapinda mwingine mpana wa bomba la maji, sikuupenda, nikapinda tena. Juma la pili likapita, na la tatu. Vijana wenye fimbo walianza kuingia mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, wakiimba kwamba wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai, watoke. Jirani alihamia kwetu, akakaa nyuma ya pazia la chumba cha watoto na kalamu zake mbili. Kila asubuhi alitoka kuitazama pikipiki, na kila asubuhi ilikuwa na vipande vingi chini kuliko jana.

"Hakuna habari ya ile mutoto," alisema siku moja.

"Kesho nafunga magurudumu," nikasema. Siku ile niliamini. Nilitaka tu kwanza kupaka rangi tangi.

Kesho yake nilikuwa na burashi mkononi. Rangi ilikuwa ya kijani, ile ya mawe ya shaba yanapooshwa na mvua. Akatoka amevaa koti, ana mkeka chini ya kwapa na mfuko wa unga ambao mke wangu alimpa. Akaitazama pikipiki juu ya matofali, haina miguu. Akaitazama rangi.

"Ni muzuri, Tata Kutu," akasema. "Kweli. Ni muzuri sana."

"Ungoje saa mbili tu. Naifunga sasa hivi."

"Hapana. Naenda ku gare."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alimuaga mke wangu kwa mikono miwili, akanipa mimi mkono mmoja kwa sababu wangu ulikuwa na rangi, akatoka kwa mguu, mfupi ndani ya koti lake, akapita mashine ya kusaga, akakata kona.