Daftari la Watoto Wetu

Binti yangu alizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Mavyaa, mamake mume wangu, alimfunika leso kabla sijamwona sawasawa. "Mtoto ni wetu," akasema, "na habari zake ni zetu."

Tulikaa Munje, kijiji cha pwani, wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, na wanawake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba watoto wa namna hii wamezidi. Huyu kazaliwa mdomo umepasuka, yule mgongo una uvimbe. Wengine walilaumu maji ya visima, wengine dawa za kunyunyizia mashamba. Wengi walitulaumu sisi mama zao.

Binti yangu alipotimiza miezi mitano, nesi wa zahanati alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mtoto wako ana shida ya miguu."

Akanieleza kwamba serikali inataka kujua kama watoto hawa wanaongezeka kweli, na kwamba binti yangu akifungwa plasta mapema miguu itanyooka.

"Na jina langu?" nikauliza.

"Litabaki humu. Atalisoma daktari peke yake."

Nikampa jina langu, la mume wangu na la ukoo wetu.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Kabla zamu yetu ya plasta haijafika, mgombea mmoja aliitisha mkutano katika uwanja wa shule. Nilikwenda na mtoto mgongoni, pamoja na mdogo wangu, ambaye alikuwa ameposwa na watu wa Msambweni. Wakwe zake watarajiwa nao walikuwapo. Mpiga debe wa mgombea akashika kipaza sauti, akafunua karatasi na kuanza kusoma: jina la mama, kijiji, kasoro ya mtoto. "Mdomo." "Mgongo." Halafu jina langu. "Miguu yote miwili."

Watu walinipisha njia. Nikakabidhiwa kiti cha magurudumu cha mtu mzima, kwa mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa. Mpiga picha akaniambia niinue leso ili miguu ionekane. Nikaiinua. Mgombea nimemlaani mara nyingi, lakini mkono ulioinua leso ulikuwa wangu.

Wiki hiyo hiyo mshenga alirudi nyumbani kwetu. "Si kwa ubaya," akasema. "Wazee wanaogopa damu ya ukoo wenu." Posa ikavunjika. Mdogo wangu hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Kwa nini uliwaambia?"

Nilikwenda zahanati. Nesi hakuweza kunitazama. "Mkubwa wangu alikuja na watu wa mgombea, wakalitaka daftari. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hapana."

"Na kesho yake ningefanya kazi wapi, mwanangu?"

Nikamwomba auchane ukurasa wangu. Akasema daftari ni mali ya serikali.

Siku ya kura, yule mpiga debe alisimama njiani karibu na kituo. "Mama wa mtoto wa miguu," akaniita mbele ya watu, "usitusahau." Ndani, karani alinielekeza kwa upole nyuma ya pazia, akasema kura yangu ni siri, wala mume wangu hana ruhusa ya kuiona. Nilimpigia mpinzani. Husemwa kwamba siri hiyo yatukinga na wenye nguvu, nami nakubali. Lakini mimi nilifichwa kwa dakika moja tu, halafu nikatoka nje, ambako kila mtu alikuwa anaijua miguu ya mwanangu. Mgombea yule alishinda.

Mwaka uliofuata akaja nesi mwingine, kijana wa bara. "Mama, hapa mko na mtoto mlemavu?"

"Hakuna," nikamjibu. Binti yangu alikuwa amelala chumba cha ndani. Jirani yangu, mama wa mtoto wa mdomo, alimjibu vivyo hivyo. Miezi kadhaa baadaye, katika baraza la chifu, afisa alitutangazia kwamba hesabu ya watoto hawa imeshuka sana na tatizo linaelekea kwisha. Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Kufungwa plasta sikumpeleka. Niliogopa kuandikwa tena. Nilipopata moyo wa kwenda hospitali alikuwa na miaka sita, na daktari aliniambia mifupa imekwisha kukakamaa. Akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, na hutembea kwa kingo za nyayo, akichoka haraka. Siku moja naye aliniuliza swali hilo la daktari. Nikamweleza yote, hadi ile leso niliyoiinua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amenielewa. Kisha akainuka kwenda kuipumzisha miguu.