Siku Basi Lilipoinama kwa Bibi

Nilirudi Kibiti baada ya watahini kunirudishia tasnifu yangu ya uzamili. Ilihusu usafiri wa haki katika miji inayokua, nami nilikuwa nikiitetea vizuri hadi mtahini mmoja, mama mpole mwenye miwani, aliponiuliza: "Katika mpango wako huu, nani anabaki kituoni?" Nikaanza kupekua kurasa za tasnifu, nikapekua hadi muda ukaisha. Kwa muda mrefu baadaye, hata nikinawa mikono kabla ya kula, swali lile lilinirudia, likifuatana na majibu ambayo hayakuwa na faida tena.

Nyumbani nilimkuta bibi, mama yake mama. Alikuwa ameletwa kutoka Mbwera, kule visiwani kunakofikiwa kwa mtumbwi, kwa sababu ya goti. Hospitalini walimpangia mazoezi ya kila wiki, wakamweleza waziwazi kwamba asipoyafuata goti litakakamaa, na mwenye goti lililokakamaa haingii mtumbwini. Kwa bibi maana yake ilikuwa moja tu: hatarudi kwake. Na huko ndiko alikotaka kurudi, kwenye mpunga wake na kwa majirani anaogombana nao tangu ujana.

Mazoezi yenyewe hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni basi dogo linalozunguka mjini. Lilikuwa likisimama kando ya mtaro, abiria wakipandia kutoka chini kabisa, na ngazi ya mlango ilimfika bibi karibu na lile lile goti. Safari ya mwisho konda alimshika kwapani akamnyanyua. Alifanya hivyo kwa wema, lakini bibi aliporudi alitangaza kwamba haendi tena.

"Nimebebwa kama gunia la mkaa mbele za watu," aliniambia. "Mtoto hana hata salamu, ananidaka kwapa!"

Bajaji ya kukodi kila wiki hatukuimudu.

"Basi tuchukue bodaboda, bibi."

"Nimkumbatie kijana wa watu barabarani, nawe mume wangu upo hapa unaniangalia?"

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, na habari ya bodaboda ikaishia hapo.

Niliwaza sana, kama ilivyo kawaida yangu. Niliwaza kigoda, nikakiacha kwa kuwa kigoda huyumba. Nikawaza ngazi ya mbao, nikajiuliza nani ataibeba. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama kituoni bila safari, niliona kilichokuwapo siku zote: mbele kidogo palikuwa na duka lililofungwa, na baraza lake la saruji limetokeza hadi karibu na lami. Basi likisogea pale, mlango ungetazamana na sakafu ya baraza.

Nilimfuata dereva.

"Kaka, ukisimama pale barazani, wazee watapanda bila shida."

"Nikikwaruza ubavu, tajiri atanila mimi, hatakula wewe."

"Nitakuelekeza."

"Kwani wewe dereva?"

"Hapana. Nimesomea."

Alicheka hadi konda akaja kuuliza kulikoni. Lakini alikubali kujaribu.

Siku ya mazoezi bibi alikubali kuja kutazama tu. Neno "tu" alilitilia mkazo. Alisimama barazani na fimbo yake. Nami nilirudi kinyumenyume nimeinua mkono, nikiita, "Njoo. Njoo. Taratibu. Hapo hapo!" Mlango ukafunguka, umekaribia ukingo wa saruji.

Ndani walikuwamo wanawake wa Mbwera waliokuja sokoni. Walipomwona mtu mzima mwenye fimbo anataka kupanda, walifanya lile ambalo kwetu visiwani hufanywa mtumbwini bila kuambiwa: walihamia ubavu wa anayepanda, ili ukingo wa chombo umshukie.

"Mama zangu, mnahamia wapi?" konda alipiga kelele. "Mtanipindulia gari!"

"Tunamlazia mtu mzima chombo. Nawe nenda ule upande mwingine, utie uzito kisipinduke."

"Hili lina magurudumu, mama!"

"Nenda, mwanangu, usibishane."

Akaenda. Springi za basi lile zilikuwa zimechoka, nalo likainama kweli, kidogo. Nimetafakari mara nyingi kama kuinama kule kulisaidia. Kitaalamu, baraza lilitosha. Lakini bibi hakulitazama baraza. Aliwatazama wale wanawake waliokuwa wakimngoja, akatanguliza fimbo, akafuatisha mguu mzima, kisha ule mbovu, akaingia. Hakuguswa na mtu.

"Shikamoo, bibi," konda aliita kutoka kiti cha mbali.

"Marahaba. Kumbe salamu unazijua!"

Tangu hapo basi husimama barazani. Kina mama wenye watoto mgongoni hungojea pale, na fundi viatu mwenye magongo, ambaye sikuwahi kumwona kituoni, sasa hupanda kila asubuhi. Ninaiandika upya sura ya nne ya tasnifu, polepole, na safari hii najua nianzie wapi.

Jana nilimkuta bibi uani, ameshika ukuta, anainua mguu juu ya beseni la kufulia, anaushusha upande wa pili, anarudia.

"Ukingo wa mtumbwi ni mrefu kuliko huu," alisema bila kugeuka. "Nitafutie beseni jingine, mume wangu."