Macho ya Nzioki

Ndunge alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, baada ya uchungu kumshika shambani huko Ngoliba akichuma mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza. Mtoto alitoka mdogo kama njiwa. Hospitalini Thika wakamlaza ndani ya kisanduku cha kioo, mrija wa oksijeni puani. Hakuna aliyedhani ataifikia Jumapili. Akaifikia, akapewa jina la babu yake, Nzioki, akaanza kunenepa.

Siku ya kutoka, muuguzi alimsisitizia, "Mama, mwezi huu umrudishe apimwe macho. Usikose."

Ndunge akaitikia. Lakini yale macho yalikuwa meusi, maangavu. Yapimwe nini?

Nyumbani mama mkwe alikataa katakata. "Mtoto mwepesi hivi humtoi kwa upepo. Ngoja akomae kwanza." Kivuva, mumewe, alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo amri. Ukweli ni kwamba Ndunge naye alishukuru. Hospitali ilikuwa imemchosha roho.

Miezi ikapita. Asubuhi moja alimpungia Nzioki leso nyekundu huku akimwimbia. Mtoto akatabasamu. Ndunge akaacha kuimba, akaipunga tena karibu na pua. Tabasamu likazimika, uso ukabaki umeelekea ukutani. Akambeba akatoka, bila kumuaga mtu.

Hospitalini Thika, Daktari Carolyne wa macho aliyamulika macho yale kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu.

"Mama Nzioki, mtoto akizaliwa mapema, mishipa ya damu ndani ya jicho huwa haijamaliza kukua. Oksijeni iliyomwokoa iliisimamisha. Baadaye jicho likashikwa na njaa, likaotesha mishipa mingine ovyo ovyo. Hiyo huvuja, huacha makovu, na makovu huvuta ngozi ya nyuma ya jicho mpaka inabanduka."

"Jicho gani?"

"La kulia limebanduka lote. La kushoto limeshika kidogo tu."

"Si kuna dawa, daktari?"

"Iko sindano ya kunyausha hiyo mishipa, na iko miale ya leza. Lakini zina wakati wake." Akamshika mkono. "Sasa ni upasuaji, na siwezi kukuahidi kitu."

Walimpasua Nairobi. La kushoto likabaki na mwanga tu: anajua mchana na usiku, basi.

Mama mkwe alipoambiwa aliketi chini uani. "Ni mimi," akasema.

Ndunge alitamani sana kuitikia kwamba ndiyo, ni yeye. "Ni sisi sote, Mau," akamjibu mama mkwe, akaingia ndani.

Nzioki sasa anatambaa. Ndunge amehamishia jiko nje, pembe za meza akazifunga matambara. Humwita kutoka mlangoni, kisha kutoka kitandani, kisha mlangoni tena, ili aijue nyumba.